Kwa vijana wa zulia mnaoingia hanga la ndege mara ya kwanza

Karibuni. Mnatoka sebuleni, maofisini na misikitini, mikono imeshazoea kazi, na siku ya kwanza tu mnarudia yale yale waliyoyafanya waliowatangulia. Ndege ndogo kama Cessna 172 au 206 ina sakafu ndogo kuliko chumba cha watoto, ndiyo maana mnaidharau. Someni kabla ya kushika kisu.

1. Misumari ibaki nyumbani. Mbao za misumari, stepla na drili havina kazi humu. Chini ya sakafu ya 172 zinapita kebo zinazoendesha mkia, nyaya za umeme na mabomba ya mafuta. Kile kifaa cha kusukuma zulia kwa goti nacho kiacheni, maana hapa hatuvuti kitu: kila kipande kinakatwa saizi yake na kulala chenyewe. Magoti yatapumzika. Shingo ndiyo italia, kwa sababu nusu ya kazi mtaifanya mmelala chali, kichwa chini ya dashibodi.

2. Cheti cha moto kwanza, mkasi baadaye. Zulia zuri la dukani mara nyingi halina cheti. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: kipande kinaning'inizwa wima, kinawashiwa moto sekunde 12, moto unaondolewa. Kwa wastani kisiendelee kuwaka zaidi ya sekunde 15, na sehemu iliyoungua isizidi sentimita 20 hivi. Sufu hufanya vizuri hapo. Hifadhi kipande kilichobaki pamoja na namba ya robota, injinia atakiulizia.

3. Zulia hukatwa kwa mgongo, hivyo kushoto kunakuwa kulia. Andika JUU na PUA kwenye karatasi ya kipimo kabla hujaigeuza. Kipande cha rubani kilichokatwa kinyume utadhani kinaweza kuhamia upande wa abiria. Jaribu uone matundu yatakavyogoma.

4. Reli za viti. Hapa ndipo penye kidonda chetu, na tukubali kwamba ni kosa la watu wa zulia. Ufundi wa nyumbani umetufundisha kuwa ukingo unaoonekana ni aibu. Tunausukuma, tunauficha, tunaupigapiga kwa bapa la kisu mpaka usionekane kabisa. Basi tukiingia kwenye ndege tunafanya hivyo hivyo: ukingo unabanwa hadi kwenye reli, gundi inafurika, nyuzi mbili tatu zinachungulia ndani ya matundu. Tunarudi nyuma hatua moja, tunatazama, tunajisifu. Kwa macho, kazi ni safi.

Sasa inama uangalie kiti kinavyoshika. Kiti cha mbele kinateleza juu ya reli mbili, na kinachokizuia ni pini inayoshuka ndani ya tundu la reli. Mwaka 1987 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo namba 87-20-03 (mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na 2011-10-09) kuhusu reli hizi za Cessna: zikaguliwe kila saa 100 za kuruka au kwenye ukaguzi wa mwaka, matundu yasafishwe uchafu, na pini iingie si chini ya inchi 0.15, yaani karibu milimita 4. Pima manyoya ya zulia lako. Mengi yanazidi hapo. Fundo la nyuzi na tone la gundi kavu vinatosha kuinua pini ikae mdomoni mwa tundu tu.

Ubaya wake ni kwamba ndege ikiwa imeegeshwa, kiti kama hicho kinaonekana kimeshika. Rubani anakitikisa, kinatulia. Kisha anaweka injini nguvu zote, ndege inashika kasi, pua inainuka, na kiti kinateleza nyuma hadi mwisho. Miguu inaachana na pedali. Mkono umeshika usukani, na mtu anayeanguka nyuma hushikilia alichoshika, kwa hiyo anauvuta. Pua inazidi kupanda wakati ambapo ndege haina mwendo wa kuibeba. Yote hayo yameanzia kwenye ukingo tuliousifia.

Kwa hiyo acha nafasi ya kidole kidogo kila upande wa reli, na ukingo upigwe ovaloki au utepe usiachie nyuzi. Kabla ya kufungua gundi, ziba matundu yote kwa selotepu ya karatasi. Ukimaliza iondoe, piga vakyumu, kisha choma kila tundu kwa kijiti, moja moja. Injinia akirudisha kiti, kaa naye: kisogezwe kila nafasi, pini imulikwe tochi, kiti kisukumwe nyuma kwa nguvu. Na vile vizuizi vya mwisho wa reli vilivyotolewa ili kiti kitoke, vihesabuni vikitoka na vikirudi.

5. Usipake gundi sakafu nzima. Kuna vifuniko vya ukaguzi chini, na injinia hatabembeleza zulia lako, atalichana. Tumia velkro. Sponji ya chini pia sahau: mvua inaingia mlangoni, sponji inaikumbatia, na aliminiamu inaliwa kimya kimya. Ndege zinazolala Lamu zinaongezewa na chumvi ya bahari, na vumbi la murramu la viwanja vya Mara hunasa unyevu huo na kuwa tope.

Swichi ya mafuta, hiyo sikuipa namba lakini msiiruke. Kwenye 172 na 206 iko sakafuni katikati ya viti vya mbele. Tundu lake liwe pana, maandishi yasomeke yote, na ukimaliza izungushwe kila nafasi. Ikikwaruza zulia, kata tena. Kwenye Cessna Caravan, ndege kubwa zaidi, iko darini, mmepona. Pedali zikanyagwe hadi mwisho pande zote mbili, breki pia, ukitazama kama ukingo unajikunja kisiginoni.

Mwisho pima zulia la zamani na jipya, umpe injinia namba zote mbili kwa ajili ya hesabu za uzito. Kisha hesabu nyembe zako. Ukipungukiwa na moja, zulia lote linatoka tena, hata kama ni saa kumi na moja jioni na matatu ya mwisho ya bei nafuu inaondoka.