Sola jirani na nyumba: mionzi gani hiyo?

SWALI: Kaka injinia, habari za kazi. Mimi wa Mombasa, nimeolewa Ufaransa, tunakaa kijijini huko Creuse. Shamba la jirani, mita 200 kutoka kwetu, linajengwa mtambo mkubwa wa sola, malori yameshaanza kuingia. Mzee mmoja kapita na fimbo mbili za shaba, anasema mionzi itaingia nyumbani, anataka euro 600 azike mawe kwenye kona nne. Nina mtoto wa miezi 5. Nimlipe?

JIBU: Dada yangu, usimlipe hata senti. Swali hili naletewa kila mara na kila mara nyuma yake yupo mtu anauza kitu.

Balaa linaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tunasema mionzi ya jua, mionzi ya kupiga picha kifua, mionzi ya simu, zote mionzi tu, basi mtu akisikia paneli inatumia mionzi akili yake inakimbilia wodi ya kansa. Paneli inapokea mwanga na kutoa umeme, haitoi mionzi ya kudhuru. Ni kioo, fremu ya alumini na silikoni, usiku imelala kimya kama sufuria. Chenye sumaku ya kuongelea ni inveta, yaani mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nyumbani, na transfoma, na nguvu yake inaisha haraka ukisogea. Mimi nimesimama na kipimo cha sumaku mbele ya inveta mchana wa Julai, feni zinanguruma, namba iko juu, nikarudi nyuma hatua kumi hivi namba ikashuka ikawa kama ya nyumba yoyote yenye friji. Kondoo walikuwa wamejilaza kivulini chini ya paneli wanacheua. Na nyie mko mita 200!

Hatari ya kweli hawa wa mawe hawaigusi. Nyaya za paneli zinaweza kubeba umeme wa DC (wa mkondo mmoja, kama wa betri) hadi volti 1,500, na mchana paneli haizimiki, hata mtambo ukizimwa yenyewe bado ina umeme maadamu jua linaipiga. Kwa hiyo uzio ukiwa na tundu, pigeni kelele, huyo mtoto atatembea karibuni.

Kinachoniuma zaidi ni huu muda unaopotea. Ufaransa kibali cha ujenzi kinawekwa kwenye kibao pale shambani, na tangu siku hiyo jirani ana miezi 2 tu ya kukipinga mahakamani. Nimeona watu wanaimaliza wakizika mawe, halafu mvua inakuja maji yote yanateremkia kwao na hakuna aliyeuliza mitaro itapita wapi, wala nani atang'oa paneli mkataba ukiisha. Popote mlipo jamani, anayekupimia hatari halafu palepale anakuuzia kinga mfungie mlango, awe na fimbo za shaba au stika za kubandika kwenye simu.

Wewe dada kaangalie tarehe kwenye kibao leo hii, kesho asubuhi nenda ofisi ya meya uombe faili la kibali, anza na kurasa za maji ya mvua na za kubomoa mtambo.