Jibu: Filamu za baiskeli za kuangalia na watoto

Habari ndugu. Umeuliza filamu za baiskeli za kuangalia nyumbani na watoto ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga.

Anza na The Triplets of Belleville (2003), katuni ya Tour de France (mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa) isiyo na mazungumzo ila kidogo sana. Itazame kwanza mwenyewe, maana mwanzoni kuna mcheza dansi aliye nusu uchi. Hapo rusha mbele.

Breaking Away (1979) ina maneno mengi, lakini baiskeli inajieleza: kijana anaendesha karibu sana nyuma ya lori barabarani, dereva anamwonyesha mwendo kwa vidole, vinne kwa maili 40 kwa saa, kisha vitano. Waambie mapema wasiige. Lori likifunga breki, hukwepi.

Rising from Ashes (2012), ya timu ya Rwanda, naipenda kuliko zote. Ila inagusa mauaji ya kimbari ya 1994, kwa hiyo subiri wakue.