Pwani ya Shaba na Watu wa Cornwall

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesoma kwamba sehemu ya mwambao wa Australia Kusini huitwa Pwani ya Shaba, na kwamba wenyeji huiita pia Cornwall Ndogo, ilhali Cornwall ninayoijua mimi iko Uingereza. Majina haya mawili yalikutanaje, na je, migodi ya huko ingali inafanya kazi?

JIBU: Ndugu msomaji, eneo unalolitaja liko kwenye Rasi ya Yorke, katika nchi ya asili ya Wanarungga, nalo lina miji mitatu iliyo jirani: Kadina, Moonta na Wallaroo. Shaba ilionekana karibu na Kadina mwaka 1859, katika malisho ya Walter Watson Hughes, na aliyeiona hakuwa mtaalamu wa miamba bali mchungaji wake wa kondoo, James Boor. Mwaka 1861 mchungaji mwingine, Patrick Ryan, akaigundua ya Moonta.

Migodi yenyewe haikuwa ufukweni, na hapo ndipo makaa ya mawe yanapoingia katika habari hii. Tanuri za kuyeyushia shaba zilikula makaa kwa wingi mno, na rasi hiyo haina makaa. Ikawa nafuu kuzijenga Wallaroo, penye bandari, ili meli zilizoleta makaa kutoka Newcastle, New South Wales, zirudi zikiwa na mawe ya shaba ya kuyeyushwa huko. Kwa maoni yangu, pwani hiyo ina deni kwa makaa kama ilivyo nalo kwa shaba.

Sasa tuje kwa watu wa Cornwall. Bei ya shaba ilipoporomoka mwaka 1866, migodi mingi ya kwao ilifungwa, na wachimbaji waliokwisha kuzoea miamba migumu na mashimo yanayojaa maji wakahamia ng'ambo. Walikwenda na ujuzi wao, makanisa yao ya Kimethodisti, na ile pai ya nyama na viazi yenye ukingo mnene uliosukwa. Mashimo ya Moonta nayo yalijaa maji, kwa hiyo mwaka 1865 ilijengwa nyumba ya mawe ya mashine ya mvuke, inayoitwa kwa jina la Hughes, ambayo bado ipo. Ukiitazama utaona kwamba ukuta wake mmoja ni mnene kuliko mingine, kwa sababu ndio uliobeba boriti kubwa iliyopanda na kushuka ikisukuma pampu usiku na mchana. Ni mtindo uleule wa Cornwall, umehamishwa mzima mzima.

Kuhusu swali lako la pili, migodi hiyo mikubwa ilifungwa mwaka 1923, baada ya bei kuanguka kufuatia Vita Kuu ya Kwanza huku gharama za kuchimba kina kirefu zikizidi kupanda. Moonta kumebaki vilima vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa. Tangu 1973 hufanyika pia tamasha la Kernewek Lowender, jina la Kikornishi hasa, yaani lugha ya asili ya Cornwall, kila baada ya miaka miwili. Bandari ya Wallaroo siku hizi hupakia nafaka, na dohani ya tanuri iliyojengwa mwaka 1861 kwa matofali zaidi ya 300,000 ingali imesimama hapo karibu na maji.