Ukifika Xi'an, tenga nusu siku kwa ajili ya Beilin (hata kama husomi Kichina)

Wageni wanaokuja Xi'an karibu wote huja na jambo moja kichwani: askari wa udongo wa mfalme Qin Shi Huang. Sina ugomvi nao. Nendeni, pigeni picha, mbanane na watu. Lakini mimi niliyeishi mji huu kwa masomo na kuwatembeza ndugu na marafiki kutoka nyumbani, mahali ninapowasukuma waende ni kwingine: Makumbusho ya Beilin, ndani ya ukuta wa mji wa kale, upande wa kusini, ambako mawe makubwa yaliyochongwa maandishi yamesimama safu kwa safu.

Pingamizi huwa ni lilelile. "Sasa mimi Kichina sijui, nitaangalia nini?" Huwa nawajibu kwamba hata Wachina wengi wanaosimama pale hawayasomi mawe yale kwa ufasaha, maana lugha ya kale si ya leo na baadhi ya miandiko imefungamana kama mizizi. Wanachofuata ni mkono wa aliyeandika. Alikaza wapi, alilegeza wapi, alikuwa na haraka au alikuwa na siku nzima. Hayo mtu yeyote aliyewahi kushika kalamu anaweza kuyaona, akionyeshwa pa kuangalia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kushika brashi kabla ya kwenda. Shuka kwenye metro stesheni ya Yongningmen, lango la kusini, ufuate ukuta kuelekea mashariki mpaka mtaa wa Shuyuanmen. Maduka ya pale ni ya brashi, wino, karatasi na mihuri. Nunua brashi ya bei nafuu na kile kitambaa cha kujifunzia: unaandika kwa maji, maandishi yanatokea meusi, yakikauka yanapotea, unaanza upya. Mwombe muuzaji akuandikie herufi yong. Walimu wengi huanzia hapo kwa sababu ndani yake mna mistari minane ya msingi. Jioni moja hotelini inatosha kukuonyesha kwamba hata mstari wa mlalo, ambao kwa macho ni kitu cha mtoto, una mwanzo, mwendo na mwisho. Brashi inakandamizwa, inanyanyuliwa kidogo, inatembea, inakandamizwa tena, halafu inarudishwa nyuma kidogo kabla ya kuondoka. Ukisita katikati, mstari unavimba. Kesho yake ukisimama mbele ya jiwe utashangaa jinsi mchongaji alivyoyahifadhi yote hayo kwa patasi.

Pasipoti usiiache hotelini, utaihitaji kwenye tiketi. Nenda mapema, kabla ya vikundi vyenye bendera na vipaza sauti. Tena andika kwenye simu majina ya mawe unayoyataka, kwa Kichina, umwonyeshe mlinzi. Walinzi wa pale nimewapenda. Wengine watakusindikiza mpaka mbele ya jiwe lenyewe.

Mbele kabisa kuna banda lenye jiwe nene la pande nne, la mwaka 745, ambalo mfalme Xuanzong wa enzi ya Tang aliliandikia kwa mkono wake matini ya kuwatii wazazi. Juu ya banda kuna kibao chenye jina Beilin, mwandiko wa Lin Zexu, yule afisa aliyeteketeza afyuni ya Waingereza mwaka 1839. Herufi ya kwanza imepungukiwa na mstari mdogo juu, na waongoza wageni wana hadithi ya kila aina kuhusu mstari huo. Wasikilizeni kwa starehe tu, maana kwenye mawe mengi ya kale herufi hiyo imeandikwa hivyohivyo.

Ukumbi unaofuata una vitabu vya Kikonfusio vilivyochongwa kwenye mawe 114 pande zote mbili, kazi iliyokamilika mwaka 837, herufi kama 650,000. Enzi hizo vitabu vilinakiliwa kwa mkono na makosa yakazaliana, hivyo serikali ikataka kuwe na nakala moja isiyobishaniwa, mwanafunzi aje asahihishe ya kwake. Mwaka 1087 mawe hayo yalihamishiwa hapa, na huo ndio mwanzo wa mahali hapa. (Kwa kulinganisha, maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja yana tarehe inayolingana na mwaka 1107. Tofauti ya miaka ishirini tu.) Tetemeko kubwa la mwaka 1556 liliyavunja mengi, nyufa na viraka vyake utaviona. Humo pita polepole lakini pita. Anayejaribu kulitazama kila jiwe hufika kwenye mazuri zaidi akiwa hoi.

Mazuri zaidi, kwangu mimi, ni mawe mawili ya mtu mmoja: Yan Zhenqing, afisa na bingwa wa mwandiko wa enzi ya Tang. La kwanza ni la pagoda (mnara wa hekalu) ya Duobao, la mwaka 752, alipokuwa na umri wa miaka arobaini na kitu. La pili ni la hekalu la ukoo wake, mwaka 780, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Simama kwenye Duobao kwanza. Herufi zimekaa kwa nidhamu, zimebanana kidogo, kila kitu sawasawa, kazi ya afisa anayejua anatazamwa. Sasa nenda kwenye lile la ukoo. Mistari ya wima imenenepa na kujikunja nje kidogo kama miguu ya mnyanyua vyuma, katikati ya herufi pamefunguka, na zile ncha za kuringia zimepungua. Kati ya mawe haya mawili kulipita uasi wa jenerali An Lushan, ambao Yan alipigana nao na ndugu zake wa karibu wakauawa humo. Miaka mitano baada ya jiwe la pili naye aliuawa mikononi mwa waasi wengine, kwa kukataa kuwatumikia. Sisemi kwamba huzuni inaonekana kwenye jiwe. Watu hupenda kusema hivyo na mimi nina mashaka. Ila kwamba mtu yuleyule alibadilika mkono, hilo hata mtoto ataliona.

Karibu na hapo mtafute bingwa mwingine wa mwandiko, Liu Gongquan, jiwe la pagoda ya Xuanmi, mwaka 841. Wachina husema: kano za Yan, mifupa ya Liu. Mwandiko wa Liu ni mkavu, umenyooka, una ncha kali, na wengi wa waliojifunza kuandika kwa brashi wameanza kwa kuiga mmoja wa hawa wawili. Wale wazee utakaowakuta wamesimama mbele ya kioo kinacholinda jiwe huku kidole kikichora hewani, usiwashangae. Wako darasani.

Nikiambiwa nibaki na jiwe moja tu, nitalichagua la Cao Quan. Ni la mwaka 185, enzi ya Han, linamsifu mkuu wa wilaya. Lilikaa ardhini kwa karne nyingi likachimbuliwa wakati wa enzi ya Ming, ndiyo maana herufi zake bado zina ncha. Mwandiko ni ule mpana na mfupi, na katika kila herufi yenye mstari mrefu utaona mkia mmoja unaoinuka upande wa kulia kwa madaha. Zunguka nyuma yake kama wamepaacha wazi. Kule kuna majina ya waliochangia gharama za jiwe, na kiasi alichotoa kila mmoja. Orodha ya michango ya mwaka 185! Nilipofafanuliwa nilicheka peke yangu, maana nimekaa kwenye kamati za harusi za kutosha kujua kwa nini majina yale yalichongwa.

Lipo pia jiwe la mtawa wa Kibudha Huairen, la mwaka 672. Wang Xizhi, bingwa wa miandiko wa karne ya 4, alikuwa amekufa miaka mia tatu kabla, na mtawa huyu alitakiwa kuchonga matini mpya kwa mkono wa marehemu. Akakusanya herufi moja moja kutoka kwenye nakala za maandishi yake, zaidi ya 1,900. Inasimuliwa kwamba ilimchukua miaka zaidi ya ishirini. Ukitazama kwa makini utaona herufi nyingine hazitazamani na jirani zake, na hiyo ndiyo raha yake.

Kwa wapenda historia za dini, jiwe la Wakristo wa Mashariki la mwaka 781 liko hapa, limebebwa na kobe. Juu kuna msalaba mdogo uliokaa juu ya ua la yungiyungi, chini na ubavuni kuna maandishi ya Kisiria, lugha ya kanisa lao. Mwaka 1907 Mdenmark aitwaye Frits Holm alitaka kulinunua, akakataliwa, akachongesha nakala na kuondoka nayo. Wenyeji walishtuka, na mwaka huohuo wakalihamishia hapa.

Mawe mengi maarufu yako nyuma ya vioo na taa zinaakisi. Usisimame mbele, simama pembeni, uangalie kwa mshazari, kina cha mchongo kitajitokeza chenyewe. Ukisikia kitu kinagongwa tok-tok-tok kwenye kumbi za nyuma, fuata mlio. Ni mafundi wa kutoa nakala: karatasi nyembamba inaloweshwa na kubandikwa kwenye jiwe, inapigwapigwa kwa brashi mpaka izame ndani ya herufi, inasubiriwa ikaribie kukauka, kisha inagongwa kwa kibunda cha nguo chenye wino. Herufi hubaki nyeupe, kila kitu kingine cheusi. Usimharakishe fundi kwa maswali, mwache amalize ukurasa.

Nakala hizo ndizo zawadi nzuri ya kurudi nayo, ila jua unachonunua. Nyingi zinazouzwa mitaani hutolewa kwenye mawe ya kuiga, na nyingine ni chapa za mashine kabisa. Geuza karatasi: iliyotolewa kwenye jiwe ina mabonde ya herufi unayoyahisi kwa kidole, ya mashine ni tambarare. Mwuzaji akikuapia kwamba yake imetoka kwenye jiwe lenyewe la Yan Zhenqing kwa bei ya chakula cha mchana, mshukuru, uendelee na safari. Nunua ya jiwe la kuiga kwa bei ya jiwe la kuiga. Ukutani itapendeza vilevile. Chukua ambayo haijabandikwa kwenye kitambaa, maana hukunjwa ikaingia kwenye begi la mkononi, na kuibandika unaweza kufanya ukishafika nyumbani.