Dengue: homa ikishuka, usikimbilie kazini

Dengue ilipoitikisa Dar es Salaam mwaka 2019, nami haikuniacha. Kipimo cha malaria kilisoma hasi, lakini muuzaji wa duka la dawa mtaani alishaniwekea dawa mseto ya malaria na diklofenaki ya maumivu kaunta. "Viungo vitaachia sasa hivi," akaniambia.

Ukiwa na homa kali usiyoijua, diklofenaki, aspirini na ibuprofeni kaa nazo mbali. Dengue hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa hizo huongeza hatari ya kuvuja damu. Meza parasetamo bila kuzidisha kipimo, kunywa maji, ORS, madafu, uji mwepesi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo. Anayekupa antibiotiki kwa dengue anafanya biashara.

Macho yaliniuma kwa nyuma hata nikiyageuza tu kutazama mlangoni. Homa ilipokata nikaanza kutafuta viatu. Dada yangu ni muuguzi, akanirudisha kitandani. Kila aliponiletea kikombe alinitazama fizi na kuniuliza nimekojoa saa ngapi. Alikuwa na sababu: dengue hugeuka kali pale joto linaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya tatu na ya saba. Tumbo likiuma mfululizo, ukitapika bila kukoma, fizi au pua zikitoa damu, au ukilegea kupita kiasi, nenda hospitali usiku huohuo. Usisubiri kukuche.

Halafu kuna mbu mwenyewe anayeeneza dengue. Anaitwa Aedes, na huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama, kwa hiyo chandarua cha usiku pekee hakimzuii. Anapenda maji yaliyotuama ndani ya vyombo vyetu, na kwa mgao huu wa maji, nani hana pipa uani? Kumwaga maji hakutoshi. Mayai hung'ang'ania ukutani mwa chombo na huweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Sugua kwa brashi kila wiki, kisha funika. Usisahau sahani za vyungu vya maua. Kwetu viluwiluwi vilikuwa humo.

Mgonjwa naye alale ndani ya chandarua hata mchana, maana mbu akimuuma yeye anaweza kuwaambukiza wengine nyumbani. Nawe uliyepona, endelea kusugua pipa: virusi vya dengue viko vya aina nne, na maambukizi ya pili, ya aina nyingine, yana hatari zaidi ya kuwa makali kuliko ya kwanza.