Maswali Yenu: Bomba la Mvuke Linalogonga, na Moshi Usiopaa

SWALI: Kila asubuhi tukifungua mvuke wa boila, bomba kuu hugonga kama linapigwa nyundo, kisha hunyamaza. Tuendelee tu?

JIBU: Hapana, tafadhali. Kinachogonga ni maji. Bomba lililopoa usiku hunyonya joto la mvuke, mvuke hurudi kuwa maji na kutuama chini. Mvuke mpya hupita juu yake kwa mita 25 hadi 35 kwa sekunde na kuyainua mawimbi. Wimbi likiziba bomba, maji hurushwa kama risasi mpaka kwenye kona au vali, na vali ya chuma cha kutupwa inaweza kupasuka. Hatari zaidi ni mvuke kuzingirwa na maji baridi. Kwenye presha ya kawaida ya hewa, mvuke hujaza nafasi takriban mara 1,600 ya maji yake. Ukigeuka maji ghafla huacha utupu, na maji hukimbilia humo kwa nguvu ya kutisha.

Kabla ya kuanza, fungueni koki zote za kumwagia maji zilizo chini ya bomba. Halafu legezeni vali kuu kidogo sana, mvuke usikike tu ukipita. Subirini hadi bomba lipate moto mpaka mwisho na koki zitoe mvuke mtupu, ndipo mzifunge na kuongeza polepole. Bomba refu huweza kudai nusu saa au zaidi. Lipeni muda huo.

Likianza kugonga, fungeni mvuke, acheni lipoe na presha iishe, kisha mwageni maji. Msikimbilie koki likiwa linagonga: maji baridi yakisogea penye mvuke ndipo pigo kubwa hutokea, na aliyeshika koki yuko hapohapo.

Kagueni pia mteremko (sentimita 1 kwa kila mita, kuelekea mvuke unakokwenda), sehemu zilizobonyea kati ya vishikizo, na trapu (vifaa vinavyotoa maji bombani bila kuachia mvuke) zilizoziba. Trapu iliyo baridi wakati bomba lina moto kwa kawaida haitoi maji.

SWALI: Mbona moshi wa kiwanda hutanda chini alfajiri, mchana hupaa?

JIBU: Usiku ardhi hupoa na kupoza hewa iliyoigusa, hivyo hewa ya juu huwa na joto zaidi. Moshi hupanda hadi ulingane joto na hewa inayouzunguka, kisha husambaa pembeni. Kazi za moshi mwingi, kama kupuliza masizi ya boila, zisubiri jua liipashe ardhi.