Theluji ya Kilimanjaro: nguzo au mabapa, imeyeyuka au imechongwa?

SWALI: Naandika maelezo ya picha za kileleni Kilimanjaro. Moja inaonyesha vitu vyeupe vyenye ncha, vimesimama wima kwa wingi juu ya theluji. Niviite "nguzo za barafu"? Na je, ni sawa kusema jua limeiyeyusha theluji ikawa hivyo?

JIBU: Neno "nguzo" liache. Nguzo hubeba kitu, na hivyo vya pichani havibebi chochote. Tena vimebanwa ubavuni, na upande wao mpana kwa kawaida hufuata mstari wa mashariki na magharibi. Mimi ningeandika "mabapa ya theluji". Wataalamu wa milima hutumia jina la Kihispania, penitente, lililotokana na waumini wa toba waliovaa kofia ndefu zenye ncha. Mwanasayansi Charles Darwin aliyaona mabapa haya kwenye milima ya Andes, Amerika Kusini, mwaka 1835. Ukilitumia jina hilo, lipe upatanisho wa I-ZI: penitente hii, penitente hizi.

Kitenzi ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Kuyeyuka ni kigumu kuwa maji. Juu ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, hewa ni kavu na baridi kali, kwa hiyo jua linaweza kuigeuza theluji mvuke moja kwa moja, bila tone la maji. Kijishimo kikitokea, mwanga hudunda kutoka ukuta mmoja hadi mwingine na kukichimba upesi kuliko kingo zake. Kingo hubaki zimesimama, na hizo ndizo mabapa. Shimo likiwa refu, unyevu hujikusanya ndani, na hapo chini theluji huweza kuyeyuka kweli. Andika basi: "Mabapa ya theluji yaliyochongwa na jua, Kibo." "Kuyeyuka" kitumie pale tu maji yanapoonekana.

Kuhusu theluji na barafu: theluji huanguka ikiwa chembe nyepesi zenye hewa katikati, barafu ni maji yaliyoganda yakawa kitu kimoja kigumu. Theluji ikilaliana miaka mingi hushindiliwa, hewa ikatoka, ikawa barafu. Lile bonge kuukuu la mlimani, mfano lile la Kibo liitwalo Furtwängler, ni barafuto. Kwa hiyo mabapa yaliyochongwa katika theluji ya msimu ni ya theluji. Yakiwa magumu, yanang'aa, juu ya barafuto, yaite ya barafu. Mwaka 1848 kiongozi wa msafara wa mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuita weupe wa mlima huo "baridi" tu. Baridi ni hali ya hewa, haitoshi kuwa jina la kitu.

Usiandike "matheluji". Barafu huhesabika ikiwa vipande, ndiyo maana dukani tunaomba barafu mbili za ukwaju. Theluji hupimwa kwa wingi na kina: theluji nyingi, theluji ya kufika magotini. Nayo huanguka. Kunyesha tuiachie mvua, hata ile ya mawe.